Kaimu, Makamu na Kiyama: Udugu wa Maneno ya Mkopo na Kamusi za Kiswahili

Miongoni mwa mitaa ya kisiwa cha Mombasa iliyo karibu na Mji wa Kale, Makadara ni mmoja wa ile ambayo majina yake yana hadithi. Husimuliwa kwamba wakazi wake wa awali walikuwa Wabulushi waliotumikia jeshi la Sultani, na kwamba mahali hapo palitajwa kwa maneno ya Kiarabu, kadri-r-Rahmani, yaani kudura ya Mwingi wa Rehema, ambayo kwa kupita vinywani mwa watu yakawa Makadara. Hadithi ni tamu, na kwa upande wa mzizi haina ubaya, kwani konsonanti tatu za q-d-r zimo. Kwa upande wa umbo ina kasoro. Silabi ya kwanza ya jina, ma-, haitoki katika kadri wala katika Rahmani. Umbo la Makadara lakaribia zaidi neno mukaddar, jambo lililokwisha kukadiriwa, au makdara, uwezo. Na yote mawili ni ya mzizi ule ule. Msimulizi ameuona udugu, lakini njia ambayo ukoo ulipitia hakuiangalia.

Kasoro hiyo ni ndogo kwa hadithi ya mtaa, ila si ndogo inapohamia darasani na katika kamusi, nayo imehamia huko.

Mzizi q-d-r una kizazi kikubwa katika Kiswahili. Kuna kudura au kudra, uwezo wa Mungu. Kadari na takdiri, aliyoandikiwa mja. Kadri na kadiri, kiasi cha kitu. Lailatulkadri, usiku mtukufu wa Ramadhani. Na Kadiria, tarika iliyopewa jina la Sheikh Abdulkadir al-Jilani na kupata wafuasi wengi Afrika ya Mashariki. Maneno hayo yaliingia yakiwa yamekwisha kuumbwa kwao. Halafu liko kundi la pili ambalo Mwarabu hawezi kulidai: kadiria, kadirika, kadirio, makadirio, mkadiriaji, ukadiriaji. Humo Kiswahili kimelichukua kadiri kuwa shina na kuliambika viambishi vyake chenyewe, kama kinavyofanya kwa pika na lima. Makadirio ya matumizi ya fedha yanapowasilishwa bungeni, hakuna msikilizaji anayefikiri juu ya takdiri. Ingawa aliyewahi kungojea fedha za idara ya chuo aweza kudai kwamba maneno hayo hayajaachana sana.

Ni desturi ya walimu wengi wa Kiingereza kufundisha msamiati wa lugha hiyo kwa mizizi ya Kilatini. Mwanafunzi huambiwa kwamba stare ni kusimama, kisha hupewa orodha ndefu: state, station, statute, substitute, constitution, statistics. Zoezi hili lina manufaa kwa tahajia na kwa kumbukumbu. Kwa upande wa maana lina hadaa yake. Ajuaye kwamba statistics ina kusimama ndani yake bado hajui ni elimu gani. Neno lilitoka katika status, hali ya mambo, likaingia katika dola, na huko Ujerumani katika karne ya 18 likawa jina la elimu ya habari za dola. Hatimaye ndipo lilipofika kwenye tarakimu. Mzizi peke yake haumpeleki mtu safari hiyo. Hata hivyo, mara kwa mara hupendekezwa kwamba Kiswahili nacho kifundishwe kwa namna hiyo, mizizi ya Kiarabu ikishika mahali pa ile ya Kilatini.

Pendekezo hilo lafaa kupimwa kwa mzizi q-w-m, kwa kuwa nao pia ni wa kusimama. Watoto wake katika Kiswahili ni wengi kupita inavyodhaniwa. Kaimu ni asimamaye badala ya mwingine. Makamu asili yake ni mahali pa kusimama. Kiyama ni siku watakaposimama waliolala makaburini. Kima ni thamani ya kitu, yaani pale bei yake inaposimama. Kaumu ni jamii ya watu. Mustakimu ni iliyosimama sawa, isiyopinda. Kukimu sala ni kuisimamisha, na tendo lenyewe ni ikama; nayo ikama katika ofisi za Tanzania imekuwa idadi ya watumishi wanaotakiwa kuwapo mahali pa kazi. Kumkimu mtu ni kumtimizia mahitaji, ndipo wakapata watumishi posho ya kujikimu. Takwimu nayo imo. Basi afisa anayekaimu cheo, mfu anayengoja kufufuliwa, na karani anayejumlisha hesabu za sensa wote ni wa nyumba moja.

Orodha kama hii hufurahisha, na hatari iko katika furaha hiyo. Tuseme mwanafunzi amefundishwa kwamba kaimu na makamu wote wana kusimama. Amepata nini cha kumsaidia kuwatofautisha? Katika Dola ya Uthmaniya, kaimu makamu lilikuwa jina la cheo kimoja: asimamaye mahali pa mwingine. Kiswahili kimelivunja jina hilo vipande viwili na kukipa kila kipande kazi. Kaimu hushika nafasi kwa muda. Makamu ni wa pili kwa cheo, naye ni wa kudumu. Siku hizi vyuo vikuu huviunganisha tena vipande hivyo pasi na kukusudia, tangazo linapotaja kaimu makamu mkuu wa chuo. Zaidi ya hayo, neno makamu limezaa pacha kwa kubadili irabu moja tu: mtu wa makamo ni mtu mzima wa umri wa kati, wala hana cheo chochote. Kilichowatenga makamu na makamo ni matumizi ya Waswahili.

Ushahidi ulio bora zaidi ni wa karibu. Kenya ilikuwa na Makamu wa Rais hadi mwaka 2013, na tangu hapo, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, ina Naibu wa Rais. Tanzania ingali na Makamu wa Rais, ilhali waziri wake ana naibu. Naibu ni neno la Kiarabu vile vile, la mzizi mwingine kabisa, n-w-b, wenye maana ya kushika zamu. Atakayejaribu kueleza tofauti ya vyeo hivyo kwa kulinganisha kusimama na kushika zamu atapoteza wakati wa wanafunzi wake. Tofauti iliwekwa na sheria na kukubaliwa na watumiaji.

Takwimu inafundisha jambo hilo kwa njia nyingine. Mtu mwenye kupenda miujiza ataona kwamba Kilatini cha kusimama kimezaa statistics, na Kiarabu cha kusimama kimezaa takwimu, akadhani amegundua siri ya akili ya binadamu. Hakuna siri. Katika Kiarabu, takwimu ni kunyoosha kitu, kukadiria thamani yake, na pia kalenda. Elimu ya statistics Waarabu wenyewe huiita ihsai, neno la mzizi mwingine. Ni Kiswahili kilicholipeleka takwimu kwenye hesabu za idadi. Maneno hayo mawili yamekutana mwishoni mwa safari kama abiria waliotoka bandari mbalimbali. Na Mswahili atakayekwenda Maskati akauliza takwimu za wakazi wa mji, yamkini ataletewa kalenda.

Ikiwa mzizi hauamui maana, je, udugu wa maneno hauna faida yoyote? Unayo, lakini yafaa kwanza kutenga udugu unaosikika na udugu unaosomwa. Msemaji yeyote wa Kiswahili, hata asiyejua kusoma, husikia simama ndani ya msimamo, msimamizi, usimamizi, simamisha na simamia. Akikutana na neno jipya la ukoo huo atalikisia, na aghalabu atapata. Vivyo hivyo husikia kadiri ndani ya makadirio, na suluhu ndani ya msuluhishi. Huo ni udugu ulio hai, kwa maana lugha yenyewe ndiyo inayozaa. Lakini hasikii kiyama ndani ya kaimu, wala hasikii kima ndani ya takwimu. Vokali zimebadilika, kiambishi cha Kiarabu hakitambulikani tena kuwa kiambishi, na hakuna kanuni ya Kiswahili inayomrudisha kutoka neno moja hadi jingine. Udugu huo upo katika vitabu vya watu wengine.

Hapo Mombasa italeta pingamizi lake, nalo ni la haki. Katika Mji wa Kale na mitaa ya jirani kama Makadara wapo watu wengi waliopita chuoni kwa mwalimu wa Kurani tangu utotoni. Mtu wa namna hiyo husikia q-w-m katika ikama kila siku mara tano, na mustakimu hulisoma katika sura ya kwanza ya Kurani. Kwake yeye maneno haya si mageni kwa mengine. Isitoshe, mababu zake waliandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, ambamo qafu na kafu ni herufi mbili, na swadi na sini ni mbili. Tungo za Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, zilihifadhiwa kwa hati hizo kwa jitihada za Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Msomaji wa siku hizo aliona mzizi kwa macho hata pale ambapo sikio halikuusikia.

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika papo hapo Mombasa uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ilianza kazi yake, kwa hati za Kirumi. Mengi yamekwisha kusemwa juu ya hasara ya Kimvita katika uteuzi huo. Hasara ya hati imezungumzwa kidogo zaidi. Kwa hati za Kirumi qafu na kafu zote zikawa k, na sauti tatu za dhali, dhadi na dha zikawa dh moja. Moyo wa Kiarabu, kalbu, na mbwa wa Kiarabu, kelbu, waliotengwa kwa herufi, sasa hutengwa kwa irabu tu, na mshairi asiye mwangalifu aweza kumtukana mpenzi wake. Atafutaye mizizi kwa hati hizi mpya hukosea upesi. Ataona s-l katika msala na katika msalaba, na kuhisi kwamba ni lazima vitu viwili vya ibada viwe ndugu. Si ndugu. Msala ni wa mzizi wa sala. Msalaba ni wa s-l-b, mzizi wa ugumu na uthabiti, ambao umetupa pia sulubu. Kumbe msala wa Mwislamu na msalaba wa Mkristo vimekaribiana kwa tahajia peke yake.

Pingamizi la Mombasa basi likubaliwe kwa kadiri yake. Ujuzi wa mtu aliyesoma chuoni ni ujuzi wa kweli, na mara nyingi umezaa Kiswahili kizuri. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui alipoanzisha gazeti lake Mombasa mwaka 1932 aliliita Al-Islah, matengenezo, naye alijua vema kwamba ni la ukoo mmoja na suluhu na maslahi. Neno istilahi, ambalo wanaisimu hulitumia kila siku, nalo limo humo: ni lile ambalo watu wamesuluhiana kulitumia. Wajumbe wa vikao vya istilahi wangelijua hilo, pengine wangekaa kwa utulivu zaidi. Lakini ujuzi huu ni wa Kiarabu, nao haufai kuwekwa kuwa sharti la kukijua Kiswahili. Mzaliwa wa Makadara asiyesoma chuoni, na mzaliwa wa Kigoma ambaye hajapata kuiona hati ya Kiarabu, hutumia kaimu na takwimu sawasawa na msomi, wala hapungukiwi maana.

Suala la asili lina ugumu mwingine, nao Mombasa inauonyesha kuliko miji mingi. Wareno walianza kujenga ngome yao mwaka 1593, wakaacha maneno. Kasha ni lao, na meza, na mvinyo. Jina gereza linatokana na neno lao la kanisa. Na ngome hiyo iligeuzwa jela tangu mwaka 1895 hadi 1958, kana kwamba jengo lilikuwa likilifuata neno. Sasa, kasha asili yake ni Kilatini, capsa. Capsa hiyo hiyo ilipita Ufaransa na Italia ikafika Uingereza ikawa cash, ambayo Waswahili huitamka keshi. Kasha na keshi ni ndugu, na kwa bahati hata matumizi yamewakutanisha, maana kwa muda mrefu keshi ilitunzwa kashani. Mvinyo wa Wareno na divai ya Wafaransa ni Kilatini kimoja kilichoingia kwa milango miwili. Sabuni, kandili na kasri zimeandikwa kuwa za Kiarabu, na ni kweli. Lakini Waarabu nao walizipata zikitokea Kilatini. Stesheni ilikuja na reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na kwa njia hiyo stare ya Warumi ikaingia Kiswahili ikakaa jirani na kaimu na msimamizi: kusimama kwa koo tatu katika mji mmoja.

Hata sirati, ile njia ambayo muumini huomba aongozwe, wanafilolojia wengi huirudisha kwa strata, barabara ya Kirumi iliyotandikwa mawe. Wasiopenda habari hiyo wakumbuke kwamba al-Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, aliwanukuu wanazuoni waliosema kuwa ni neno la Warumi. Ikiwa hivyo ndivyo, katika sirati mustakimu Kilatini na mzizi q-w-m vimeshikana mikono.

Kwa kuwa hali ni hiyo, kialama cha asili katika kamusi kinasema nini? Frederick Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1939, aliweka nyota kando ya maneno ya kigeni na kutaja lugha yalikotoka. Kwa wakati wake ilikuwa kazi ya kusifiwa, na vizazi vya watunga kamusi vimeishi kwa jasho lake. Lakini nyota hiyo yafanya kazi ya polisi wa forodha: humwambia msomaji ni mlango upi wa mwisho mzigo ulipopitia. Sabuni inaitwa ya Kiarabu, kasha la Kireno, keshi ya Kiingereza, na msomaji haonyeshwi kwamba mizigo yote ilipakiwa mahali pamoja. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba nyota hutia ugeni mahali ambapo ugeni umekwisha. Kadiri lilikuja na dhau, hapana ubishi. Makadirio ni la hapa. Kamusi inayowatia wote wawili chapa moja imelificha jambo ambalo mwanaisimu alitaka zaidi kuliona, yaani pale ambapo lugha ilianza kuzaa yenyewe. Na mtu anayetaka kudai kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichochanganyika na vijineno vya Kibantu hapati zana rahisi kuliko kuhesabu nyota.

Mpangilio wa alfabeti nao una lawama yake. Kaimu na kiyama wako katika K, makamu na mustakimu katika M, takwimu katika T, ikama katika I. Wakati huo huo alfabeti huwalaza wageni kitanda kimoja. Kima kuna watatu: wa kwanza ni thamani, wa Kiarabu, wa pili ni mnyama wa jamii ya tumbili, wa Kibantu, wa tatu ni nyama ya kusaga inayotiwa katika sambusa, na huyo alikuja na Wahindi. Watatu hawa hukaribiana kila mahali, ilhali ndugu wa kweli wa kima wa kwanza wametawanywa.

Dawa si kupanga kamusi ya Kiswahili kwa mizizi kama zinavyopangwa kamusi nyingi za Kiarabu. Kufanya hivyo kungemlazimu Mswahili ajifunze lugha ya pili ili aruhusiwe kufungua kamusi ya lugha yake. Mfano unaofaa zaidi unapatikana Marekani, katika kamusi ya American Heritage ya mwaka 1969. Humo maneno yaliachwa katika alfabeti yake, na mwishoni kikaongezwa kiambatisho cha mizizi ya Kihindi-Kiulaya. Atakaye ukoo huufuata, asiyetaka hasumbuliwi. Kiswahili chahitaji kiambatisho kama hicho, tena kifupi. Mizizi ya Kiarabu yenye kizazi kikubwa yaweza kuenea katika kurasa chache: q-w-m, q-d-r, s-l-h, s-l-m, k-t-b, h-k-m na mingineyo, kila mmoja ukiandikwa kwa herufi zake za Kiarabu ili qafu isidhaniwe kuwa kafu. Maneno ya Kilatini yaliyokuja kwa Wareno, Waarabu, Wafaransa na Waingereza yangetosha kuwekwa pamoja katika ukurasa mmoja au miwili.

Ndani ya kamusi yenyewe, kitomeo kingeandikwa kwa namna ya kutenganisha tarehe mbili za neno: kuingia kwake na kuzaa kwake. Chini ya kadiri ingeonyeshwa kwamba shina lilikopwa, na kwamba kadiria na makadirio yameumbwa hapa. Chini ya takwimu ingeandikwa kwamba neno ni la Kiarabu, kwamba huko maana yake ni kalenda na kunyoosha, na kwamba maana ya hesabu za idadi ni ya Kiswahili. Chini ya makamu pangetajwa makamo, na chini ya makamo makamu. Na kima kila mmoja angepewa mstari wake, pamoja na sambusa ya kumtambulisha yule wa tatu.